Je, Wajua? Kabla Mtoto Hajamsogelea Farasi, Punda au Maksai

Katika bonde la Msangano, wilayani Momba, mtoto anaweza kumaliza darasa la saba bila kumwona farasi ana kwa ana. Lakini kabla ya umri huo anakuwa amekwisha kutangulia mbele ya ng'ombe wa plau, kudandia mkokoteni unaotoka shambani, na kupita nyuma ya punda aliyefungwa mtini. Kwa hiyo masomo ya usalama wanayopewa watoto kwenye mabanda ya farasi duniani yanamhusu na yeye. Farasi na punda ni ndugu wa damu. Ng'ombe ni wa ukoo mwingine, ila naye ni mnyama mzito anayewindwa porini na aliyeumbwa kushtuka upesi. Tumekukusanyia mambo ya kushangaza kuhusu wanyama hawa, na kila jambo lina funzo la kumpa mtoto.

Je, wajua kwamba farasi huona karibu pande zote, isipokuwa mahali pawili?

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Akisimama bila kugeuka huona karibu nyuzi 350 kati ya 360 za duara. Pale asipoona ni nyuma ya mkia, na mbele kabisa, chini ya paji la uso na chini ya pua. Punda ana umbo hilohilo la macho, na ng'ombe naye haoni nyuma yake kabisa.

Ajali nyingi za watoto huanzia hapo. Mtoto mfupi akimjia mnyama kwa nyuma, mnyama husikia nyayo asijue ni za nani. Porini, anayekuja kimyakimya kwa nyuma ni simba au fisi, na jibu lake ni teke. Mtoto afundishwe kumjia mnyama kwa ubavuni, usawa wa bega, huku akisema naye kwa sauti ya kawaida. Hata kumpapasa pua kwa ghafla hakufai, kwa sababu mkono unaotokea chini ya kidevu mnyama hauoni mpaka umguse.

Je, wajua kwamba teke la ng'ombe halifanani na la farasi?

Farasi na punda hurusha miguu ya nyuma moja kwa moja kwenda nyuma, mara nyingine yote miwili kwa pamoja. Ng'ombe huupeleka mguu mmoja mbele kidogo, akauzungusha kwa upande, kisha akaumalizia nyuma. Ndiyo maana mkamuaji anayechuchumaa ubavuni hupigwa, ndoo ikamwagika, ilhali hakusimama nyuma ya ng'ombe hata kidogo.

Mtoto akishalijua hilo ataelewa kwa nini kanuni zinatofautiana. Kwa farasi na punda, ama ukae karibu na bega, ama upite mbali kabisa na miguu ya nyuma, hatua kadhaa. Mahali pabaya kuliko pote ni umbali wa kati, pale teke linapofika likiwa na nguvu zake zote. Kwa ng'ombe, hata ubavu wa nyuma, karibu na paja, si mahali pa mtoto kuchezea.

Je, wajua kwamba punda hapigi teke kwa kukosa shukrani?

Methali yetu inasema asante ya punda ni mateke. Punda mwenyewe angepata wakili, kesi hiyo angeshinda. Wanaomtunza wanajua kwamba hupiga teke anaposhtuka, anapoumizwa na kidonda cha mgongoni, anapoguswa mahali asipozoea kuguswa, au anapoona hana njia ya kukimbilia. Kila sababu katika hizo mtu mzima anaweza kuiondoa: kidonda kitibiwe, mzigo upunguzwe, kamba isifungwe fupi mno kwenye kona.

Mtoto anayeamini kwamba punda ni mkorofi atamchapa. Punda aliyechapwa na watoto hujifunza kuogopa kila mtoto, na siku moja atampiga hata yule ambaye hakuwahi kumwinulia fimbo.

Je, wajua kwamba ukaidi wa punda ni njia yake ya kufikiri?

Farasi akiogopa hukimbia. Babu zake waliishi kwenye mbuga za nyasi zilizo wazi, ambako mbio zilikuwa ndiyo salama yao. Punda ana asili ya nchi kavu zenye mawe, na huko kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo punda akiona jambo asilolielewa, kwa mfano daraja jipya, maji ya mtoni au plastiki inayopepea, husimama akaliangalia. Kumvuta au kumpiga wakati huo kunamthibitishia kwamba hatari ipo kweli.

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wana asili moja, Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Mnyama huyu ni wa kwetu kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote. Mtoto afundishwe kumpa punda nafasi ya kutazama, naye asimame pembeni mwa bega, asisimame mbele akivuta wala nyuma akisukuma.

Je, wajua kwamba farasi anayeonekana kukutazama anaweza kuwa amelala?

Miguu ya farasi na punda ina mfumo wa mishipa na kano unaofunga viungo, kiasi kwamba mnyama husinzia akiwa amesimama bila kuanguka. Usingizi mzito sana humlazimu kulala chini, lakini sehemu kubwa ya mapumziko yake huyapata kwa kusimama.

Funzo lake ni fupi: ita kwanza. Taja jina la mnyama, piga mluzi mdogo, au sema naye ukiwa bado mbali. Sikio likigeuka kwako, ujue amekusikia. Kama halijageuka, usisogee.

Je, wajua kwamba masikio husema kabla mguu haujafanya kazi?

Kila sikio la farasi hugeuka peke yake, kama linavyotaka. Masikio yaliyosimama na kuelekea mbele yana maana kwamba mnyama anapeleleza jambo. Sikio moja likielekea nyuma, anasikiliza kitu kilicho nyuma yake. Yakilala nyuma, yakabanwa shingoni, hilo ni onyo, na mara nyingi meno au teke hufuata. Mkia unaochapa huku na huku pasipo nzi ni onyo jingine.

Ng'ombe ana alama zake. Dume linaloinamisha kichwa, likajiweka ubavu ili lionekane kubwa, likakwaruza udongo kwa kwato, linaonya. Mtoto asikimbie kwa kelele akiligeuzia mgongo. Arudi nyuma taratibu huku akiliangalia, atafute uzio au mti. Na dume la mbegu lisiwe jukumu la mtoto hata siku moja, hata kama lilizaliwa hapo nyumbani na kila mtu analiita pole.

Je, wajua kwamba ng'ombe husikia sauti ambazo wewe huzisikii?

Sikio la binadamu mwenye afya hufikia mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Ng'ombe hufikia takriban 35,000, na farasi hukaribia hapo. Sauti kali na nyembamba, kama mayowe ya watoto, filimbi au bati linalokwaruzwa, huwasumbua kuliko sauti nzito ya taratibu. Kucheza mpira kando ya zizi wakati wa kukamua, au kuwafukuzia ng'ombe kwa vigelegele langoni, ni kuwatia wasiwasi wanyama ambao baada ya dakika chache mtoto mwingine atalazimika kupita katikati yao.

Je, wajua kwamba bega la ng'ombe ndilo usukani wake?

Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama nchini Marekani, alijipatia sifa duniani kwa kueleza jambo ambalo wachungaji wengi hulijua bila kulisomea. Kila ng'ombe ana mpaka usioonekana unaomzunguka. Ukiuvuka, anaondoka, ukirudi nyuma, anatulia. Tena, ukisimama nyuma ya bega lake, yeye huenda mbele. Ukisogea mbele ya bega, husimama au hurudi.

Mtoto mchungaji akifundishwa hilo, anaweza kulielekeza kundi kwa kutembea tu, bila mawe wala fimbo. Ataelewa pia kwa nini asisimame katikati ya lango la zizi jioni. Ng'ombe wenye haraka ya kufika kwa ndama hawana breki, na mtoto aliyesimama langoni ndiye kizuizi pekee kilichobaki. Mahali pake ni nje, pembeni mwa nguzo, akiwa na upenyo wa kutokea. Ndani ya banda lolote kanuni ni hiyohiyo: mnyama asiwe kati yako na mlango.

Je, wajua kwamba kamba ya kuongozea imewahi kuwa mtego kwa watoto wengi?

Mtoto akichoka kushika kamba ya ng'ombe au punda, huizungusha kiganjani, kwenye kifundo cha mkono, au huifunga kiunoni ili mikono ipate nafasi ya kula mua. Hapo ndipo hatari ilipo. Ng'ombe wetu wa asili anayevuta plau huwa na uzito wa kilo 250 hadi 350 au zaidi, punda hukaribia 150, na farasi mkubwa hufikia 500. Mnyama wa uzito huo akishtuka, kamba hukaza kabla mtoto hajapata hata muda wa kupiga kelele, na anayeburuzwa hawezi kufungua fundo.

Mabanda ya farasi duniani hufundisha jambo moja kwa ukali: kamba inayobaki ikunjwe mara kadhaa na kushikwa katikati ya mkunjo, isizungushwe mkononi kamwe. Mnyama akivuta kwa nguvu, achia. Mnyama aliyetoroka hutafutwa. Na anapofungwa mtini, lifungwe fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, ili akijinasa aweze kufunguliwa haraka bila mtu kuingiza vidole kwenye kitanzi.

Je, wajua kwamba sehemu ya hatari katika plau si ng'ombe peke yake?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Msangano ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbozi na Mkoa wa Mbeya, kulikuwa na mradi uliofadhiliwa na Kanada wa kueneza matumizi ya maksai mkoani Mbeya. Tangu wakati huo mipaka imebadilika: Momba ilifanywa wilaya mwaka 2012, na Songwe ikawa mkoa mwaka 2016. Maksai wamebaki kazini.

Katika timu ya kulima, mara nyingi mtu mzima hushika mikono ya plau, na mtoto hutangulia mbele kuwaongoza ng'ombe. Mahali hapo mbele pana hatari tatu. Pembe ziko usawa wa mgongo wake. Hawezi kuwaona ng'ombe anapotazama mbele. Na akianguka, kwato hufuata, na nyuma ya kwato kuna mnyororo na chuma cha plau. Suluhisho ni kuwafunza maksai wafuate sauti na majina yao, ili wasihitaji mtu wa kuwatangulia. Ng'ombe akianza kufunzwa akiwa kijana, kwa subira na maneno yaleyale kila siku, huzielewa amri za kwenda, kusimama na kugeuka. Wakati maksai wapya bado wanazoeshwa nira, mtoto akae nje ya shamba.

Mkokoteni nao una kanuni zake. Mtoto asidandie kwa nyuma ukiwa unatembea, asikae juu ya mti unaounganisha nira na gari, na asininginize miguu karibu na gurudumu.

Je, wajua kwamba unga wa mahindi mabovu unaweza kuharibu ubongo wa punda?

Mahindi yaliyoota aina fulani ya ukungu huwa na sumu inayoshambulia ubongo wa farasi na punda. Mnyama huanza kuyumba, kuzungukazunguka, kugonga ukuta, na mara nyingi hufa. Ng'ombe huistahimili zaidi sumu hiyohiyo, na kwa sababu hiyo wafugaji hushangaa kuona punda anakufa huku ng'ombe waliokula pumba zilezile wako wazima.

Jambo jingine: farasi na punda hawatapiki. Tumbo lao limefungwa kwa namna ambayo kilichoingia hakirudi mdomoni. Basi mtoto asiwarushie maganda, vyakula vilivyochacha wala mifuko ya plastiki kwa mzaha. Mwenye ruhusa ya kumlisha mnyama aweke chakula horini. Kama ni lazima kumlisha kwa mkono, kiganja kinyooshwe bapa na vidole vyote vibanwe pamoja, kwa sababu mnyama hakioni kilicho chini ya pua yake na hutafuta kwa midomo.

Je, wajua kwamba mama mpole hubadilika siku ya kuzaa?

Ng'ombe aliyekamuliwa na mtoto mwaka mzima anaweza kumtupa kwa pembe siku ya kwanza ya ndama. Punda na farasi wenye watoto wachanga ni hivyohivyo. Kanuni ni moja: usipite kati ya mama na mtoto wake, wala usimbebe ndama ili kumwonyesha rafiki. Mbwa nao wafungwe mbali, kwa maana mama huona mbwa kama fisi, na mbwa akifukuzwa hukimbilia kwa mwenyewe.

Je, wajua ni kwa nini farasi ni adimu Songwe?

Kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa homa ya farasi ya Afrika. Huenezwa na wadudu wadogo aina ya usubi wanaouma hasa usiku, na katika sura yake kali unaweza kuua farasi 9 kati ya 10 waliougua. Punda wa Afrika huugua kidogo tu, na pundamilia hukaa nao bila kuonyesha dalili yoyote. Ongeza mbung'o na maradhi ya nagana anayoyaeneza, utaona kwa nini mizigo ya bara letu la kati ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu kwa karne nyingi.

Majeshi yaliyodharau jambo hilo yalilipa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Jenerali Jaap van Deventer wa Afrika Kusini aliongoza kikosi cha wapanda farasi hadi Kondoa, akafika mwezi wa Aprili. Mvua na maradhi viliwamaliza farasi wake, na wapandaji wakawa askari wa miguu. Wakati vita vinaelekea ukingoni, Novemba 1918, majeshi ya Wajerumani yalipita hapa jirani, Fife, karibu na Nakonde ya leo, ng'ambo tu ya Tunduma. Kufikia hapo mizigo ilikuwa imeegemea watu. Wanyama wa mizigo walipokufa, mizigo iliwaangukia wapagazi wa Kiafrika, na wasiohesabika kati yao walikufa katika vita hivyo.

Je, wajua kwamba watoto wa Sultani walifunzwa kupanda tangu wadogo?

Pwani na visiwani farasi alipata makazi kidogo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zilizochapishwa mwaka 1886. Humo anasimulia jinsi watoto wa jumbani walivyofunzwa kupanda wanyama tangu wakiwa wadogo, wakiwa na watu wazima wa kuwasimamia. Baba yake, Sultani Sayyid Said, alipoituma merikebu ya Sultana hadi New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman, zawadi zake kwa rais wa Marekani zilikuwa pamoja na farasi wawili wa Kiarabu.

Utakachokiona hapo ni kwamba hata katika nyumba ya mfalme, mtoto hakuachwa na mnyama peke yake.

Je, wajua kwamba kuna mji wa Waswahili wenye zahanati ya punda?

Lamu ni mji wa vichochoro vyembamba visivyopitisha magari, na mizigo yake hubebwa na punda. Mwaka 1987 shirika la hisani la Uingereza linaloshughulikia punda lilifungua kituo cha matibabu mjini humo. Watoto wa Lamu hukua na punda mlangoni, na vijana hushindana kuwapanda katika mashindano yanayovuta umati wakati wa sherehe. Katika kichochoro punda mwenye mzigo akija, mtoto hujibanza kwenye baraza au mlangoni, akampisha. Hiyo ni kanuni ya barabarani inayofaa pia kwenye njia nyembamba za Msangano msimu wa mavuno.

Je, wajua kwamba mafunzo ya farasi huanza mtoto akiwa chini, si juu?

Mwaka 1929 Uingereza ilianzisha chama cha watoto wapanda farasi, na mfumo wake ukaenea nchi nyingi. Kabla ya kufundishwa mbio, mtoto hufundishwa kumkaribia mnyama, kumwongoza kwa kamba, kumfunga, kumpiga brashi na kusafisha banda. Hupewa viatu vya kufunika mguu, na akipanda huvaa kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Kichwa cha mpandaji huwa mita 2 au zaidi kutoka ardhini, na kuanguka kutoka hapo bila kofia kunaweza kuua. Kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa haitumiki tena, hata kama haionekani kupasuka.

Viatu vina sababu ya pili. Katika udongo wa zizini na samadi hukaa vijidudu vya pepopunda, ambavyo huingia kupitia jeraha dogo la msumari au mwiba. Chanjo anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 humpa kinga ya mwanzo. Aliyepata jeraha zizini asafishwe kwa maji na sabuni, kisha apelekwe zahanati na kadi yake ya kliniki.

Je, wajua kwamba mnyama husoma sura yako?

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Berlin, farasi aliyeitwa Hans alisifiwa kwa kujua hesabu: aligonga kwato mara kadhaa hadi kulifikia jibu. Mwaka 1907 mchunguzi Oskar Pfungst alibaini kwamba Hans hakuwa akihesabu. Alikuwa akiangalia kichwa na mabega ya muulizaji, na mwili wa muulizaji ulipolegea kidogo jibu lilipofika, aliacha kugonga. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwaonyesha farasi picha za nyuso za watu. Mapigo ya moyo ya farasi yalipanda haraka zaidi walipoona uso wenye hasira.

Mwambie mtoto: ukiwa na hasira, au ukitoka kugombana na mwenzako, usiende kumfungua mnyama.

Je, wajua kwamba si kila mnyama mgonjwa aonekana mgonjwa?

Kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa. Ng'ombe, punda na farasi waliong'atwa hukipata, na wakianza kutoa udenda, kupooza koo au kubadilika tabia ghafla, watu hudhani wamekabwa na kitu na kuingiza mkono mdomoni. Mtoto asifanye hivyo. Akilambwa kwenye kidonda au akang'atwa, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kupata chanjo.

Mzoga uliokutwa malishoni usiguswe wala kuchunwa. Huenda ni kimeta, na mbegu zake huishi ardhini kwa miongo mingi. Aitwe mtaalamu wa mifugo wa kata.

Je, wajua kwamba mtoto aliyepigwa teke akasimama na kucheka bado anaweza kuwa hatarini?

Pigo la tumboni linaweza kupasua wengu au ini bila kuchana ngozi, na pigo la kichwani linaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu kwa saa kadhaa. Mtoto aliyepigwa tumboni, kifuani au kichwani apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya hata kama hana jeraha. Akisinzia kupita kawaida, akitapika, akilalamika tumbo au akipauka, hilo ni jambo la dharura. Na asigombezwe kwanza. Mtoto anayeogopa viboko huficha teke.

Je, wajua kwamba sheria inamlinda mtoto na mnyama pia?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kazi za hatari kwa mtoto. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kumtesa mnyama, ikiwa ni pamoja na kumbebesha au kumfanyisha kazi kupita uwezo wake. Zisome kwa pamoja, kwa maana mnyama asiyeteswa ndiye mnyama asiyemuumiza mtoto.

Mambo ya kumfundisha mtoto wiki hii

Mwalimu anaweza kuyaandika ubaoni, na mzazi anaweza kuyaonyesha zizini:

1. Ita kwanza, ngoja sikio ligeuke, kisha njoo kwa bega.
2. Usipite nyuma karibu, wala chini ya tumbo, wala kati ya mama na mtoto wake.
3. Kamba ishikwe, isizungushwe mkononi wala kiunoni. Mnyama akikushinda, achia.
4. Vaa viatu, na nawa mikono kwa sabuni ukitoka zizini.
5. Usiingie bandani bila mtu mzima kujua, na hakikisha mlango uko upande wako.
6. Ukipigwa, sema.

Usimwambie mtoto "jihadhari na ng'ombe" ukaishia hapo. Neno hilo halimwelezi asimame wapi. Mshike mkono, mpeleke ubavuni mwa maksai aliyetulia, mwonyeshe jicho linapoishia kuona na mguu unapofika, kisha mwache akueleze yeye mwenyewe. Akiweza kukueleza, ameelewa. Asipoweza, rudia kesho, na mpaka hapo asipewe kamba.